Seli nyeupe 12,800 juzi, 6,100 leo: zimekwenda wapi?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, naishi Moshi. Nilikwenda kupima afya kwa ajili ya kazi mpya. Siku hiyo nilichelewa, ikabidi nikimbie kutoka stendi mpaka hospitali, nikapanda ngazi, na damu ikatolewa kabla hata jasho halijakauka. Majibu ya FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, yakasoma seli nyeupe 12.8. Nikaambiwa nina maambukizi, nikaandikiwa antibiotiki. Sikuwa na homa, kikohozi wala maumivu wakati wa kukojoa, kwa hiyo sikuzimeza. Siku mbili baadaye nilipima kwingine nikiwa nimepumzika, zikasoma 6.1. Nani kakosea? Na kama hakuna aliyekosea, zaidi ya nusu ya seli zangu zimekwenda wapi kwa siku mbili?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Inawezekana kabisa kwamba maabara zote mbili zilihesabu sawasawa.

Namba 12.8 maana yake ni seli nyeupe 12,800 katika kila mikrolita moja ya damu, na maabara nyingi huweka ukomo wa kawaida kwenye 10 au 11. Lakini mashine inahesabu seli zilizoingia kwenye sindano. Haihesabu seli ulizonazo mwilini, na hapo ndipo jibu lako lilipo. Chukua nyutrofili, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi ndizo nyingi kuliko aina nyingine zote za seli nyeupe. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba karibu nusu ya nyutrofili zilizomo ndani ya mishipa hazizunguki na damu. Zimeegama kwenye kuta za mishipa midogo, au zimekwama kwa muda ndani ya kapilari, yaani mishipa myembamba kuliko yote, hasa za mapafu. Muuguzi akivuta damu mkononi, hizo hazimo.

Sasa, kinachoamua seli ipi iegame na ipi izunguke ni nini? Watu wengi hufikiria kemikali tu: homoni fulani imetoka, protini fulani imejibandika. Kemikali zipo, nami nitazitaja. Ila sehemu kubwa ya jibu ni ya kimaumbile kabisa: ukubwa wa seli, umbo lake, na ugumu au ulaini wake inapobanwa. Kwa maoni yangu jambo hili lingefundishwa mapema zaidi kwa kila anayesoma fomu za damu, kwa sababu bila hilo namba kama zako zinaonekana kama miujiza au uzembe wa maabara.

Tuanze na mapafu, maana damu yote inayotoka upande wa kulia wa moyo lazima ipite humo. Nyutrofili ikielea kwenye damu ni mviringo wenye kipenyo cha mikromita 7 hadi 8, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kapilari za mapafu zina upana wa kuanzia mikromita 2 hadi 15. Tena seli haipiti kapilari moja ikamaliza. Kutoka mshipa mdogo unaoleta damu hadi ule unaoiondoa, hupita makumi ya vipande vya kapilari vilivyounganika, na takriban nusu ya vipande hivyo ni vyembamba kuliko yenyewe. Seli nyekundu ina upana unaokaribia huohuo, lakini ni bapa na haina kiini, kwa hiyo hujikunja papo hapo ikapita. Nyutrofili ikifika kwenye mlango mwembamba husimama. Damu iliyo nyuma inaisukuma. Upande wake wa mbele unaanza kubonyea na kuchongoka, mwili wote unarefuka taratibu, kisha inaingia.

Miaka ya 1980 watafiti waliziangalia safari hizi kwa hadubini ya video kwenye mapafu ya mbwa. Kuna nyutrofili zilizopita kwa chini ya sekunde 2, na kuna zilizotumia zaidi ya dakika 20. Ukiweka pamoja mamilioni ya seli zinazochelewa hivyo, unapata msongamano mkubwa: ndani ya kapilari za mapafu nyutrofili ni nyingi mara 35 hadi 100 kuliko katika damu ya mishipa mikubwa. Na hapo tunazungumzia mtu mzima wa afya, asiye na ugonjwa wowote. Mapafu hukutana na vumbi na vijidudu kila unapovuta pumzi, kwa hiyo akiba hii iko mahali pake hasa.

Utauliza, seli inawezaje kubanwa mara nyingi hivyo isipasuke? Sababu ya kwanza ni kwamba utando wake ni mkubwa kuliko unaohitajika. Ukiiangalia kwa hadubini ya elektroni utaona imejaa mikunjo na vinundu. Eneo la utando huo ni kama maradufu ya eneo ambalo mviringo laini wa ukubwa huo ungehitaji. Ikirefuka, mikunjo inafunguka, utando hauvutwi mpaka ukachanika. Sababu ya pili ni kiini. Katika seli nyingi kiini ndicho kitu kigumu kuliko vyote, lakini cha nyutrofili kimegawanyika vipande 3 hadi 5 vilivyoungwa kwa nyuzi nyembamba, na kina kiasi kidogo sana cha lamini A, protini inayokaza ukuta wa kiini katika seli nyingine. Vipande hivyo hupita kimoja baada ya kingine. Mwaka 2013 kundi moja la watafiti lilipima tundu dogo kabisa ambalo seli mbalimbali zinaweza kulipenya bila kulipanua kwa vimeng'enya. Seli za saratani walizopima zilikwama tundu lilipopungua hadi kama mikromita 7 za mraba, seli T, ambazo ni aina nyingine ya seli nyeupe, kwenye 4, na nyutrofili ziliendelea mpaka 2.

Sababu ya tatu ndiyo inayohusu swali lako moja kwa moja. Chini tu ya utando kuna wavu wa nyuzi za protini iitwayo aktini. Seli inaweza kuusuka wavu huu au kuufumua ndani ya sekunde. Ukisukwa, seli inakakamaa, ukifumuliwa, inalainika. Kwa hiyo ulaini wa seli nyeupe haukupangwa siku ilipozaliwa kwenye uboho. Unabadilika kwa dakika, kulingana na kinachoendelea mwilini.

Namna ulaini huo unavyopimwa inafaa kuelezwa. Njia ya zamani, ambayo bado inatumika, ni ya mrija wa kioo wenye tundu la mikromita 4 au 5. Unausogeza kwenye seli moja chini ya hadubini, unavuta kwa mnyonyo mdogo sana, na unatazama. Ulimi wa seli unaingia kwanza, unasita, halafu mwili mzima unafuata na kujaza mrija. Ukiisukuma itoke, haiwi duara mara moja. Huchukua kama dakika nzima kujirudia. Kutokana na kasi ya kuingia na muda wa kujirudia, wataalamu walikokotoa kwamba nyutrofili iliyotulia hufanya kama tone la kitu kizito kilichofungwa kwenye ngozi iliyokazwa kidogo, na uzito huo wa kutiririka ni kama mara 100,000 ya maji, yaani inazidi hata asali mbichi. Dakika ile moja ina maana yake kwenye mapafu: seli iliyokwisha kurefuka kwenye kapilari ya kwanza haiwahi kuwa duara kabla ya kufika inayofuata, kwa hiyo vipande vinavyofuata inavipita kwa urahisi zaidi. Mlango wa kwanza ndio mgumu.

Sasa bakteria wakiingia kwenye damu. Nyutrofili ikinusa mabaki yao, hasa vipande vya protini vyenye alama ambayo protini za bakteria huanza nayo, inasuka aktini kwa haraka na kukakamaa. Mwaka 1989 mtafiti Worthen na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science majaribio yaliyoonyesha matokeo yake: nyutrofili zilizoamshwa hivyo zilikuwa ngumu zaidi na zilikwama kwenye vitundu vyembamba, aktini ilipozuiwa isijipange, hazikukakamaa na hazikukwama vile. Hiyo ni sababu mojawapo ya mapafu kuumia mapema kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali yaliyosambaa mwilini, hata kama chanzo ni kidonda cha mguu au njia ya mkojo. Seli ngumu zinaziba kapilari za mapafu, zinatoa humo kemikali zilizokusudiwa kuua vijidudu, na maji yanaanza kuvuja kwenda kwenye vifuko vya hewa. Wanaofanya kazi wodi za wagonjwa mahututi wanalijua vizuri jambo hili.

Kwako ilitokea kinyume chake. Ulipokimbia, adrenalini ilipanda, moyo ukasukuma damu nyingi zaidi, na kapilari za mapafu ambazo zilikuwa zimelala zikafunguka. Mkondo wenye nguvu ulizing'oa seli nyingi zilizokuwa zimeegama. Lakini kuna zaidi ya mkondo. Mwaka 2016 watafiti wa Georgia Tech na Chuo Kikuu cha Emory, kule Atlanta, Marekani, walipima seli nyeupe kabla na baada ya kukutana na adrenalini, na vilevile na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Seli zililainika, na wavu wa aktini ulikuwa umebadilika. Walipozipitisha kwenye vijishipa vya bandia pamoja na seli nyekundu, zile zilizolainika zilijitenga na kuta zikarudi katikati ya mkondo.

Kwa nini ulaini uzirudishe katikati? Damu inapotiririka kwenye mshipa, seli nyekundu, kwa kuwa ni laini na zinanyumbulika, hukimbilia katikati. Zikifika huko zinagongana na seli ngumu na kubwa na kuzisukuma pembeni. Nyeupe ikiwa ngumu inaishia ukutani. Ikilainika, tofauti yake na nyekundu inapungua, na haisukumwi sana. Hakuna seli mpya iliyohitaji kuzaliwa. Zile zilizokuwa kando ziliingia mkondoni, sindano ikazikuta. Baada ya mazoezi makali hesabu inaweza kufika hata maradufu, ndani ya dakika chache tu, na kama mtu hakuendelea kukimbia hurudi chini ndani ya saa kadhaa. Kwa hiyo seli zako hazikuhitaji siku mbili. Kama ungepima tena kesho yake asubuhi, yaelekea ungekuta namba kama ile uliyoikuta siku mbili baadaye.

Kwa wanaotumia prednisoloni au deksamethasoni, kwa mfano kwa ajili ya pumu, mambo ni hayohayo ila ya polepole na ya muda mrefu zaidi. Hesabu hupanda baada ya saa kadhaa, kwa sababu seli zinajitenga na kuta, uboho unatoa za akiba, na nyutrofili zenyewe zinachelewa kufa. Nimeona wagonjwa wengi wakiongezewa antibiotiki juu ya antibiotiki kwa sababu namba haikushuka, kumbe namba inashikiliwa juu na steroidi wanayomeza kila siku.

Ukutani nako seli haisimami tu. Kwenye vinundu vyake kuna protini zinazoshikana na selektini, protini nyingine zilizo kwenye ukuta wa mshipa. Mshiko huo ni wa sekunde au pungufu, unaachia nyuma huku mwingine ukishika mbele, na seli inabiringika polepole. Mishiko hii ina tabia ya ajabu: mwaka 2003 ilithibitishwa kwamba selektini P na mwenzake, zikivutwa kwa nguvu ya wastani, hushikana kwa muda mrefu zaidi kuliko zikivutwa kidogo. Mkondo ukiongezeka, mshiko unakaza, mpaka nguvu izidi kikomo ndipo uachie. Baadaye protini nyingine za seli, ziitwazo integrini, zinashika kwa uhakika, seli inasimama, inajipenyeza kati ya seli za ukuta na kutoka kwenda kwenye kidonda. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu katika integrini hizo. Kitovu chao huchelewa kudondoka, wanaugua mara kwa mara, na vidonda vyao havitungi usaha, ilhali hesabu ya seli nyeupe kwenye damu yao ni kubwa mno. Seli zipo tele, hazina pa kushika. Kila ninaposikia mtu akisema seli nyeupe nyingi maana yake ni kinga imara, huwafikiria watoto hawa.

Seli T nazo hutumia nguvu, ingawa kwa kazi nyingine. Seli T ya kuua ikishikana na seli iliyoambukizwa huisukuma na kuivuta, na utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba utando uliokazwa hivyo hutobolewa kirahisi zaidi na peforini, protini inayotumika kuua. Hilo ni somo refu la siku yake.

Ulaini wa seli una uzito pia kwenye lukemia, yaani saratani ya damu. Mtu mwenye lukemia kali ya upande wa mieloidi, yaani ukoo wa seli zinazozaa nyutrofili, seli zake zikizidi 100,000 kwa mikrolita, anaweza kuanza kukosa pumzi au kuchanganyikiwa kwa sababu vijishipa vya mapafu na ubongo vinaziba. Mwenye lukemia ya limfosaiti, kundi jingine la seli nyeupe, anaweza kuwa na hesabu kama hiyo au zaidi bila kufika huko. Mwaka 2006 watafiti wa California walibonyeza seli hizi moja moja kwa ncha nyembamba mno. Seli za mieloidi zilizokuzwa maabara zilikuwa na ugumu wa wastani wa paskali 855, za limfosaiti 48, na nyutrofili za kawaida 156. Karibu mara 18 kati ya aina mbili za lukemia. Kwa hiyo hapo pia hesabu peke yake haitoshi kukuambia hatari.

Ndiyo maana siku hizi kuna juhudi za kupima ugumu wenyewe badala ya kuhesabu tu. Huko Ujerumani, taasisi ya Max Planck mjini Erlangen inatumia mashine inayopitisha mamia ya seli kwa sekunde kwenye mfereji mwembamba na kupiga picha kila moja inavyobonyea. Mwaka 2021 walionyesha kwamba waliougua UVIKO-19 walikuwa na seli za damu zilizobadilika ukubwa na ulaini, na baadhi ya mabadiliko hayo yalionekana miezi kadhaa baada ya kupona. Marekani kuna kipimo kiitwacho IntelliSep, kilichokubaliwa na mamlaka ya dawa ya huko, FDA, kwa wagonjwa wa dharura. Kinazibana seli nyeupe kwa mkondo wa maji na ndani ya dakika 10 kinampanga mgonjwa katika makundi matatu ya uwezekano wa kuwa na maambukizi yaliyosambaa. Kwetu hapa bado tunategemea FBP, na FBP ikisomwa kwa makini inasema mengi.

Tuisome yako. Usiangalie jumla tu, shuka mistari ya chini yenye mgawanyo. Damu iliyotolewa mara baada ya kukimbia kwa kawaida huonyesha nyutrofili zimepanda na limfosaiti nazo zimepanda. Maambukizi ya bakteria mara nyingi hupandisha nyutrofili peke yake, na fundi akiweka damu kwenye kioo cha hadubini anaona nyutrofili changa ambazo kiini chake hakijagawanyika. Steroidi hupandisha nyutrofili huku limfosaiti na eosinofili, aina nyingine ya seli nyeupe, zikishuka. Kama fomu yako ya kwanza inaonyesha limfosaiti zimepanda pamoja na nyutrofili, basi maelezo ya mbio yanatosha, na bila dalili hata moja ya ugonjwa sioni sababu ya wewe kumeza zile antibiotiki. Mpelekee daktari wa kazini fomu zote mbili, umweleze hali uliyokuwa nayo ulipotolewa damu mara ya kwanza. Siku nyingine kaa chini nusu saa kabla ya sindano, usifanye mazoezi makali tangu jana yake, na utaje kila dawa unayotumia, hata ya kuvuta ya pumu. Kinachopaswa kukurudisha hospitali ni homa, kupungua uzito bila sababu, jasho jingi usiku, tezi zilizovimba, au hesabu inayobaki juu ya 11 katika vipimo kadhaa ulivyopima umepumzika.

Jambo la mwisho, kwa kuwa wewe ni wa huku kwetu. Siku moja unaweza kupima umetulia ukakuta nyutrofili 1,300, na fomu ikapigwa alama nyekundu kwa sababu ukomo wa chini uliochapishwa mara nyingi ni 1,500 au zaidi, na viwango hivyo vingi vilitokana na damu ya watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi kusini mwa Sahara hawana protini iitwayo Duffy kwenye seli zao nyekundu, hali inayowakinga kwa kiasi kikubwa na malaria ya vivaksi. Hali hiyohiyo huenda pamoja na nyutrofili chache kwenye damu, huku uboho ukiwa mzima na mtu haugui zaidi ya wengine. Utafiti wa 2017 ulidokeza kwamba nyutrofili zao hutoka upesi zaidi kwenye mishipa. Mtu akikuambia kinga yako imeshuka kwa namba kama hiyo, nawe hujaugua, mwombe daktari alinganishe na vipimo vyako vya miaka iliyopita kabla ya kukuandikia dawa yoyote.